Faida Imemfikia Nani? Utangulizi wa Tathmini ya Miradi ya Kidijitali

Mfanyabiashara aliyetoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe katika karne ya 19 alipaswa kujua jambo moja kabla hajafunga mizigo: ni shanga zipi zinazotakiwa huko aendako. Richard Burton, aliyefika Kazeh huko Unyanyembe (ndiyo Tabora ya leo) mwaka 1857, aliandika kwamba aina za shanga zilizojulikana katika biashara ile zilikaribia 400, na kwamba kila nchi ya njiani ilikuwa na chaguo lake. Zilizopendwa Ugogo huenda zisitazamwe Unyamwezi, na rangi iliyonunua chakula mwaka jana ingeweza kukataliwa mwaka huu. Aliyekosea kuchagua alifika baada ya miezi miwili au mitatu ya kutembea, wapagazi wake wamebeba frasila mbili kila mmoja, na asipate hata kibaba cha mtama. Hasara ilikuwa yake peke yake, kwa hiyo safari iliyofuata aliuliza kwanza.

Leo kwenye njia hiyohiyo ya Mpwapwa, Tabora, Uvinza na Ujiji inapita mizigo mingine: minara ya simu, vishikwambi vya shule, mifumo ya kusajili wakulima, programu za simu za kufuatilia wajawazito. Anayelipia yuko Dodoma, London au Washington. Anayetumia yuko Sikonge au Uvinza. Mwanakijiji akiona mzigo haumfai, hana pa kuurudishia. Amepewa bure, na kwa adabu za kwetu kinachotolewa bure hupokelewa kwa mikono miwili. Ataenda kwenye semina, atasaini karatasi ya mahudhurio, atachukua nauli na kurudi shambani kwake. Aliyeleta mzigo hapati hasara yoyote. Ripoti yake itataja idadi ya watu waliofikiwa, na kwa idadi hiyo ataombea fedha za awamu ya pili.

Taaluma ninayowakaribisha ndani yake ipo kwa sababu ya pengo hilo. Kazi yake ni kuichukua hukumu ya mtumiaji, hata ile asiyoisema kwa mdomo, na kuifikisha kwa anayelipa ikiwa na ushahidi usioweza kuwekwa pembeni. Vyuoni huwekwa chini ya somo la teknolojia ya habari na mawasiliano kwa maendeleo, na ina watu wake wa kusomwa: Richard Heeks wa Chuo Kikuu cha Manchester, aliyechunguza kwa miaka mingi kwa nini mifumo iliyobuniwa ofisini hugongana na hali halisi ya mahali inapopelekwa, na Kentaro Toyama, mmoja wa waanzilishi wa maabara ya utafiti ya Microsoft mjini Bangalore mwaka 2005, ambaye baada ya miaka ya kujaribu miradi shuleni na vijijini alifikia hoja kwamba teknolojia hukuza kilichopo, ikiwa ni uwezo au ni udhaifu. Lakini mlango hauko kwa wahandisi wala wachumi peke yao. Baadhi ya watu ambao kazi hii inawahitaji sana ni muuguzi wa zahanati, mtendaji wa kijiji, karani wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) na mwalimu wa hesabu, kwa kuwa wao ndio wanaojua kitu gani kilikuwepo kabla mradi haujafika.

Kukosa tathmini hakukuanza na kompyuta, na hakuna mkoa unaolijua hilo kuliko Tabora. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, ikihangaika na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kuja kupima uwezekano wa kulima karanga Afrika Mashariki. Ujumbe ulizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza mwaka 1947 katika maeneo ya Kongwa, Nachingwea na, huku Tabora, Urambo. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama saruji na kuvunja majembe ya matrekta, mvua hazikuwa zile za kwenye makadirio, na Januari 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Wagogo na Wanyamwezi walioishi kwenye ardhi hiyo walizijua mvua zake na udongo wake. Elimu hiyo haikuwa na nafasi kwenye hesabu za wapangaji. Urambo ikabaki na mashamba yaliyosafishwa, na baadaye tumbaku ikachukua nafasi ya karanga.

Naitaja Urambo mapema ili msomaji asije akadhani kwamba mradi unashindwa kwa sababu mashine ni mbovu. Matrekta yalikuwa matrekta. Swali ambalo halikuulizwa lilikuwa rahisi: ni mambo gani yote lazima yawe kweli ili kazi hii ilete faida, na je, yako kweli hapa? Mtathmini huanza kwa kuandika mnyororo huo, pete kwa pete, kabla hajagusa takwimu yoyote. Mnara ukiwashwa, simu itashika. Simu ikishika, mkulima atajua bei. Akijua bei, ataweza kumkatalia mnunuzi. Hapo simama. Mkulima wa tumbaku wa Kaliua ambaye pembejeo zake zimetoka kwa mkopo kupitia chama cha msingi, na tumbaku yake inauzwa kwa mkataba, anaweza kujua bei ya dunia nzima na bado asiwe na mtu mwingine wa kumuuzia. Pete hiyo imekatika, na hakuna kasi ya intaneti itakayoiunga.

Mnyororo peke yake hautoshi, na hapa tunafika kwenye swali lililo kiini cha taaluma yote: bila mradi, ingekuwaje? Mfano bora ninaoujua uko hapahapa. Mbola, katika wilaya ya Uyui, mwendo mfupi kwa gari kutoka Tabora mjini, ilichaguliwa kuwa mojawapo ya Vijiji vya Milenia, mpango uliobuniwa na Jeffrey Sachs na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia. Kazi Mbola ilianza mwaka 2006, na mpango mzima ulifikia mwisho mwaka 2015. Ulileta mambo mengi kwa pamoja: mbegu na mbolea, vyandarua, huduma za zahanati, visima, madarasa. Mwaka 2007 kampuni ya Ericsson iliingia kwenye ubia ili kupeleka mawasiliano ya simu katika vijiji hivyo, simu zikitarajiwa kuwasaidia wahudumu wa afya, wakulima na wanafunzi.

Taarifa za katikati ya mpango zilikuwa za kutia moyo. Hali zilikuwa zimepanda ukilinganisha na siku ya kwanza. Ndipo watafiti wawili, Michael Clemens na Gabriel Demombynes, wakauliza mwaka 2010 swali ambalo kila mwanafunzi wangu lazima alikariri: imepanda ukilinganisha na nani? Walichukua kijiji cha Sauri, magharibi mwa Kenya, wakatazama miongoni mwa mengine umiliki wa simu za mkononi. Kweli ulikuwa umepanda kwa kasi kubwa. Lakini katika miaka hiyohiyo ulikuwa umepanda kwa kasi pia katika vijiji vya Kenya ambavyo havikuwahi kuwa na mradi wowote, kwa sababu Kenya nzima ilikuwa inanunua simu. Kuuhesabu ununuzi huo kama tunda la mpango kulikuwa ni kujipa sifa ya mvua. Mwaka 2012 jambo lilijirudia kwa uzito zaidi. Makala katika jarida la Lancet ilidai kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika vijiji vya mpango vilipungua mara tatu ya kasi ya nchi zenyewe. Wakosoaji wakaonyesha kwamba vipindi vilivyolinganishwa havikuwa sawa, na dai hilo likaondolewa.

Tathmini ya mwisho ilichapishwa mwaka 2018, ikihusu maeneo 10 katika nchi 10, na kwa Tanzania eneo lilikuwa Mbola. Watafiti walilazimika kutafuta vijiji vya kulinganisha baada ya kazi kuisha, kwa kuwa mwanzoni hakuna aliyevipima. Walikuta kwamba katika vipimo 40, vipimo 30 vilionyesha nafuu ya dhahiri upande wa vijiji vya mpango, hasa kwenye kilimo na afya. Walikuta pia kwamba umaskini, ukipimwa kwa matumizi ya kaya, haukuonyesha mabadiliko ya uhakika, na kwamba takribani theluthi moja tu ya malengo ndiyo iliyofikiwa.

Kuna watu husoma matokeo haya wakasema mpango ulifaulu, na wengine wakasema ulianguka. Mimi nasema tatizo kubwa zaidi ni lile la vijiji vya kulinganisha. Kwa miaka kumi fedha nyingi ziliingia Mbola, na mwishoni hatuwezi kusema kwa uhakika wa kutosha ni kipi kati ya vitu vile vyote, mbolea, chandarua au simu, kilichostahili kuendelezwa Nzega au Igunga. Wananchi wa Mbola walitoa muda wao wakahojiwa tena na tena. Walistahili jibu lililo wazi kuliko hilo.

Njia mojawapo ya kulinda swali la ulinganisho ni kutumia bahati nasibu: kati ya vijiji au shule zinazofaa, kura huamua zipi zianze na zipi zisubiri. Mfano wa kufundishia ulitoka Busia na Teso, nchini Kenya. Paul Glewwe, Michael Kremer na wenzao walitaka kujua kama chati za kufundishia zinawasaidia wanafunzi. Takwimu za kawaida zilionyesha kwamba shule zenye chati zilikuwa na alama za juu kuliko zisizo nazo. Kisha wakachukua shule 178, nusu zikapewa chati kwa utaratibu usiotegemea hali ya shule, wakasubiri mitihani. Tofauti haikuonekana. Kilichokuwa kikiinua alama kwenye takwimu za mwanzo hakikuwa chati: huenda shule zenye kamati imara na wazazi wenye uwezo ndizo zilizokuwa na chati tangu awali. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2004, na Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopata Nobeli ya uchumi mwaka 2019. Kila ninapoletewa jedwali linaloonyesha kwamba shule zenye kompyuta zinafaulu zaidi, nakumbuka chati za Busia.

Hata hivyo, bahati nasibu isiabudiwe. Haiwezi kupigwa kwa mkongo wa taifa wa mawasiliano, wala kwa sheria, na inakwambia wastani wa kilichotokea bila kukwambia kwa nini. Mara nyingine ushahidi wa wastani huhitaji kusindikizwa na ushahidi wa karibu, wa kuona kitu kikifanya kazi hatua kwa hatua.

Chukua jaribio lililofanyika kati ya mwaka 2009 na 2010 katika wilaya tatu za Tanzania: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, kule njia ya misafara ilikokuwa ikiishia. Lilihusu vituo vya afya na zahanati 129 na tatizo ambalo kila mzazi wa kijijini analijua: unambeba mtoto mwenye homa mpaka zahanati, unaambiwa dawa hakuna. Kila Alhamisi mhudumu alipokea ujumbe wa simu unaomuuliza kiasi cha dawa za malaria alichonacho. Aliingia stoo, akahesabu pakiti za dawa mseto za aina nne kulingana na uzito wa mgonjwa, akahesabu na kwinini ya sindano, kisha akajibu kwa simu yake mwenyewe bila kukatwa salio. Asiyejibu alikumbushwa. Aliyejibu kwa wakati aliongezewa muda wa maongezi. Mganga mkuu wa wilaya aliona hesabu zote mahali pamoja, na hapo ndipo faida ilipokuwa. Aliona zahanati moja ina masanduku yanayokaribia kuisha muda wake wakati nyingine, kilomita chache mbele, haina hata pakiti. Gari lililokuwa likienda huko lilipewa mzigo.

Katika wiki ya kwanza asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26. Lindi Vijijini tatizo lilikuwa limekwisha kufikia wiki ya nane. Ni ulinganisho wa kabla na baada, na msomaji makini ana haki ya kuuliza kama shehena ya kawaida ya Bohari ya Dawa ilifika katika wiki hizo. Lakini mimi naupa uzito, kwa sababu mnyororo wake unaonekana wote. Tunajua nani alipata taarifa gani, alikuwa na mamlaka gani ya kuitumia, na alifanya nini. Hoja ya Toyama inaonekana vizuri hapa: ujumbe wa simu uliongeza nguvu ya mganga mkuu aliyekuwa tayari na dawa za kuhamisha na gari la kuzihamishia. Bohari ikiwa tupu, Alhamisi itafika, mhudumu atahesabu sifuri na kutuma sifuri, na mtoto atarudi nyumbani na homa yake.

Tofautisha na mradi wa Maji Matone. Shirika la Daraja liliwataka wananchi watume ujumbe wa simu pale kisima au bomba la kijiji linapoharibika; ujumbe ungepelekwa kwa mhandisi wa maji wa wilaya, na vyombo vya habari vingemfuatilia. Wazo zuri. Katika miezi sita ya majaribio lengo lilikuwa ujumbe 3,000. Walipata 53. Shirika lenyewe liliandika hadharani mwaka 2011 kwamba mradi haukuzaa matunda, likaeleza sababu: wanaochota maji ni wanawake na watoto, lakini simu ziko mifukoni mwa wanaume, baadhi ya vijiji havina mtandao, na, zito kuliko yote, watu hawakuamini kwamba mtu wa serikali angeshughulika hata wakiandika. Naiheshimu sana taarifa ile. Kurasa zake chache zimewafundisha watafiti wengi kuliko ripoti za kurasa mia za miradi iliyojisifu.

Suala la simu iko mfukoni mwa nani linataka tulitazame kwa karibu, maana hapo ndipo tathmini nyingi huharibikia. Dodoso la kawaida huuliza: je, kaya hii ina simu? Mama aliyeketi kivulini na karanga zake za kumenya anajibu ndiyo, mhojaji anaweka alama ya vema, na kaya nzima inaingia kwenye hesabu ya waliounganishwa. Mhojaji mzuri haondoki hapo. Anauliza simu iko wapi sasa hivi. Iko kwa baba, na baba yuko mnadani. Mara ya mwisho wewe kupiga ilikuwa lini? Siku ya msiba wa shangazi. Namba ya siri ya pesa unaijua? Mtoto wa darasa la saba ndiye anayeijua, husoma ujumbe ukiingia. Umeme wa kuchajia? Dukani, kwa kulipia. Maswali manne, na "ndiyo" ya mwanzo imebadilika sura kabisa. Hapo bado hatujauliza kama mahojiano yanafanyika kwa Kiswahili cha ofisini wakati mama huyu angeeleza kwa kina zaidi kwa Kinyamwezi au Kisukuma. Mtafiti anayepuuza lugha ya nyumbani hukusanya majibu ya heshima, kisha huyaita takwimu.

Kwa sababu hiyo wastani wa kijiji unaweza kuficha zaidi ya unachoonyesha. Emma Riley alitumia takwimu za kitaifa za kaya za Tanzania, zile zinazozifuata kaya zilezile mwaka hadi mwaka, kuchunguza kinachotokea mvua zinapoharibika. Utafiti wake wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kaya zilizotumia huduma za pesa kwa simu hazikupunguza matumizi yake kama wengine, kwani ndugu wa mbali waliweza kuwatumia chochote. Majirani wasiotumia huduma hiyo, katika kijiji kilekile, hawakupata ahueni hiyo. Faida haikumwagikia kwa jirani. Aliyeandika kwamba kijiji kimeunganishwa hakusema uongo, ila alikuwa amewasahau walio na haja kubwa kuliko wote.

Mjadala kuhusu M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, unafaa kusomwa wote, pande zote mbili. Tavneet Suri na William Jack walichapisha mwaka 2016 makadirio kwamba huduma hizo ziliziondoa kwenye umaskini kaya 194,000 za Kenya, yaani asilimia mbili hivi, hasa zile zinazoongozwa na wanawake, wengi wao wakihama kutoka kilimo kwenda biashara ndogondogo. Mwaka 2019 Milford Bateman, Maren Duvendack na Nicholas Loubere waliyapinga: biashara ngapi kati ya hizo zilikufa, ngapi ziliwanyang'anya wateja wafanyabiashara wadogo waliokuwepo, na mikopo ya simu imewaachia watu madeni kiasi gani? Mimi nauona utafiti wa kwanza kuwa wa umakini mkubwa, na maswali ya pili kuwa ya haki. Anayenunua na anayeuza wote wanaonekana kwenye takwimu, lakini aliyefunga kibanda chake haonekani, kwa kuwa hayupo tena wa kuhojiwa. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilipunguza safari ya miezi kuwa ya siku chache, na ilifuta kazi ya upagazi wa masafa marefu iliyowajengea Wanyamwezi jina kuanzia pwani hadi Ziwa Tanganyika. Ukiandika faida za reli bila kuwataja wapagazi, umeandika nusu ya hesabu.

Kuna pia suala la muda, na hapa sitakawia. Mradi wa miaka mitatu hupimwa mwaka wa tatu, wakati magari yake bado yana mafuta. Mwaka 2017 watoto wapatao 2,700 katika vijiji vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunzia Kiswahili na hesabu, katika shindano la kimataifa la XPRIZE, wakivichaji kwenye vituo vya umeme wa jua vilivyojengwa vijijini. Zaidi ya asilimia 90 yao hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilishuka kwa nusu, na mwaka 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10. Ni hatua ya kufurahisha, hasa kwa watoto ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga darasani. Swali la mtathmini ni la mwaka wa tano: betri zikichoka, nani anazibadilisha, kwa fungu gani, na mtoto yule leo anasoma nini? Hata bei hubadilisha matokeo. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Tanzania Julai 2021, huduma ilikuwa ileile na simu zilezile, lakini gharama ya kumtumia mama pesa ilikuwa imebadilika, na utafiti uliokusanya takwimu kabla ya mwezi huo ulikuwa unaelezea nchi nyingine.

Kabla ya kushika dodoso, shika adabu zake. Utafiti Tanzania unahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na unaogusa afya una taratibu zake za maadili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda yule mama wa karanga kama inavyomlinda mteja wa benki. Hayo ni ya sheria. La utu ni kurudisha matokeo. Vijiji vya kwetu vimehojiwa sana na kujibiwa kidogo sana. Mtafiti anayekusanya majibu Ilolangulu akayasoma kwenye mkutano wa Geneva, bila kurudi kuyasoma kwenye mkutano wa kijiji mbele ya mwenyekiti na wananchi, amechukua kitu cha watu. Zaidi ya haki, kuna faida ya kitaaluma: ni kwenye mkutano huo ambapo mzee mmoja atasimama na kusema takwimu zenu za mwezi wa pili si sahihi, mwezi huo sisi wote tuko mashambani, mliwakuta wagonjwa peke yao nyumbani.

Sasa kwa wanaotaka kuingia kazini, Tabora ina maswali yanayosubiri watu. Tangu msimu wa 2022/23 ruzuku ya mbolea inatolewa kwa wakulima waliosajiliwa kwenye mfumo wa kidijitali. Anayestahili kujulikana zaidi ni yule ambaye hakusajiliwa, au aliyesajiliwa kwa namba ya simu ya mtu mwingine, na mbolea yake ilikwenda wapi. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu baadaye mwaka huohuo. Mwalimu wa Igalula anakitumia kuandaa somo, au kimelala kabatini kwa kukosa kifurushi? Na Mei 2023 serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Minara haiwashwi yote siku moja, kwa hiyo kata iliyopata mapema inaweza kulinganishwa na jirani yake iliyosubiri, mradi mtafiti achunguze kwanza kama foleni hiyo ilipangwa kwa sababu ya barabara, idadi ya watu au msukumo wa mtu. Anayetaka kuanza na hilo aende kwenye kata ambayo mnara wake bado haujawashwa, aombe ruhusa ya kunakili daftari la wagonjwa wa nje la zahanati, bei za mahindi za gulio na mahudhurio ya shule. Aende mapema, kwani mnara ukishawaka kabla hajafika, vijiji hivyo vitakuwa kama Mbola: vitapimwa baadaye kwa kubahatisha.